Namba ya tarakimu 129 na siri za barua zetu

Ndugu yetu mmoja aliyeko nyumbani alitutumia habari, kisha akauliza: "Kaka, barua hii haitasomwa na watu njiani?" Sisi tulioondoka kwetu kwa sababu ya kalamu hatuwezi kulifanyia mzaha swali kama hilo. Jibu lake limo katika hesabu, na tutalieleza kwa kisa cha namba moja tu.

Namba hiyo inaanza na 1143, inaishia na 541, na ina tarakimu 129. Inaitwa RSA-129, kwa herufi za majina ya Rivest, Shamir na Adleman, wataalamu waliokuwa chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1977 jarida la Scientific American liliichapisha pamoja na ujumbe wa siri, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeufumbua.

Ni namba witiri, na inagawanyika kwa namba nne tu: 1, yenyewe, na namba tasa mbili, moja ya tarakimu 64 na nyingine 65. Hapo ndipo penye siri. Kuzidisha 7 kwa 13 ni kazi ya mtoto wa shule. Lakini ukipewa 91 peke yake, utaanza kupapasa. Kwa tarakimu 129, kupapasa hakuna mwisho. Ni kufuli ambalo yeyote aweza kulibana, ila kulifungua ni kwa mwenye zile namba mbili.

Rivest alikisia kwamba kazi hiyo ingechukua miaka 40 ikifuatiwa na sifuri 15. Haikuchukua hata 20. Wataalamu walibuni njia mpya za kutafuta vigawo, na watu kama 600 wa nchi zaidi ya 20 wakajitolea kompyuta zao kwa miezi minane, wakitumiana kazi kwa barua pepe. Aprili 1994 namba ikapasuka. Kigawo kimoja kinaishia 577, kingine 533. Msomaji, chukua kalamu: 577 × 533 ni 307,541, na 541 ndiyo mwisho wa namba yetu.

Ujumbe wenyewe ulikuwa maneno ya mzaha juu ya ndege mla mifupa. Je, lingekuwa jina la mtu aliyetuamini?

Leo kufuli nyingi za aina hii hutumia namba za tarakimu 617, na mwaka 2020 ilipasuliwa yenye tarakimu 250. Kwa hiyo tulimjibu ndugu yetu hivi: barua ikifungwa vizuri, njiani ina ulinzi. Lakini kikulacho ki nguoni mwako; simu iliyoachwa wazi mezani haihitaji hesabu. Tena barua ya leo yaweza kuhifadhiwa na mtu mwenye subira ya miaka 17. Jina ambalo halipaswi kujulikana hata wakati huo, ndugu, usiliandike kabisa.