Nukta Nane Juu ya Mstari

Kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, mashine ya tiba ya mionzi huelekezwa kwenye kifaa cha kupimia na kuamriwa itoe kiasi maalumu. Kiasi kikitimia barabara, kifaa husoma asilimia 100. Kikisoma 101, kazi huendelea, kwani miongozo inayotumika katika vituo vingi huruhusu tofauti ya asilimia 3 katika kipimo cha asubuhi. Namba huandikwa, daftari hufungwa.

Kasoro ya daftari hilo ni kwamba kila asubuhi huhukumiwa peke yake. Mwaka 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia wa Marekani aliyeshughulikia ubora wa vifaa vya simu, alichora chati inayoziweka siku zote kwenye karatasi moja. Katikati hupita mstari wa wastani. Juu na chini yake, kwa umbali wa mara tatu ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, huchorwa mistari ya mipaka. Mipaka hiyo haitoki kitabuni. Hutokana na mwenendo wa mashine yenyewe.

Chukulia mashine yenye wastani wa 100.0 na mkengeuko wa 0.3. Mipaka yake ni 99.1 na 100.9. Asubuhi nane mfululizo inasomwa 100.2, 100.3, 100.3, 100.5, 100.4, 100.6, 100.7, 100.8. Hakuna namba iliyovuka hata mpaka mmoja. Hata hivyo, sarafu ikirushwa mara nane, kuangukia upande ule ule uliotajwa kabla ni bahati ya mara 1 katika 256. Chati inasema kuna kinachosogea.

Pengine ni kihesabio kilichomo kichwani mwa mashine, ambacho ndicho hukata mionzi kiasi kinapotimia. Kikihesabu pungufu, mgonjwa hupokea zaidi ya alichoandikiwa, na yeye hahisi lolote. Anayetibiwa kwa grei 50 katika vipindi 25 hurudi kwa wiki tano. Mashine inayosogea polepole humfuata safari nzima. Tangu mwaka 1976, wataalamu wa kimataifa wamependekeza dozi iufikie uvimbe bila kupotoka zaidi ya asilimia 5, na kosa la mashine ni fungu moja tu la makosa yanayogawana nafasi hiyo.

Lakini kuona mteremko si ruhusa ya kukimbilia bisibisi. Anayerekebisha mashine kila inapoyumba kidogo huongeza kuyumba kwenyewe. Tena huenda mashine haina kosa: chemba ya kupimia iliyo wazi kwa hewa husoma vibaya joto au kanieneo ya chumba isiposahihishwa ipasavyo. Kwa hiyo mwanafizikia tiba huleta kifaa cha pili na kupima upya, na mgonjwa aliyeketi nje huombwa asubiri. Akiuliza sababu, inafaa aonyeshwe ile chati yenye nukta nane. Haihitaji hesabu nyingi kuielewa.