Mgeuze Tembo Umsome Tumboni

Askari na watafiti wa Tsavo hawamtambui tembo kwa ukubwa wala kwa rangi. Rangi ndiyo haifai kabisa, maana tembo yeyote akijigaragaza kwenye vumbi la Voi hutoka mwekundu sawa na wenzake wote. Wanachotazama ni masikio. Kila tembo ana mipasuko yake ukingoni mwa sikio, matundu yake, na mishipa iliyojichora kwa namna ambayo mwenzake hana. Satao, dume mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, alipouawa Tsavo Mashariki mwishoni mwa Mei 2014, majangili walimharibu uso wote ili wang'oe pembe. Masikio yakawa miongoni mwa alama zilizowawezesha waliomjua kusema kwamba ni yeye.

Tembo wa kauri naye ana mahali pake pa kutambulikia: tumboni, au chini ya nyayo, pale ambapo mwenye nyumba hatazami mpaka siku anapomfuta vumbi.

Ninasema vile visanamu vya wanyama vinavyokaa kwenye kabati la vioo sebuleni, kati ya glasi za harusi na picha ya mahafali: tembo, simba, twiga, mbwa mwenye masikio yaliyolala. Kimoja kimeachwa na mgeni, kingine kimetoka sokoni Taveta ndani ya boksi la vikombe vya mitumba, kingine ni urithi wa nyanya aliyefanya kazi kwa wazungu wa mkonge. Vingi thamani yake ni kupendeza macho tu. Vichache hutafutwa na wakusanyaji walioko mbali sana na Mwatate, na mara nyingi kinachotenganisha hivi na vile ni maandishi madogo kuliko punje ya mchele.

Maandishi hayo ndiyo chapa ya mtengenezaji. Wengi wakishaiona huishia hapo, na hapo ndipo wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Chapa ni dai tu, na yeyote anaweza kudai. Ushahidi uko kwenye udongo wenyewe.

Chukua chapa maarufu kuliko zote. Kauri ngumu nyeupe ilikuwa ujuzi wa Wachina kwa karne nyingi, hadi 1708 Johann Friedrich Böttger alipoigundua huko Dresden. Alikuwa mtu wa alkemia, amefungiwa na mtawala August wa Saksonia ili amtengenezee dhahabu. Dhahabu haikupatikana, kauri ikapatikana, na 1710 kikaanzishwa kiwanda cha Meissen. Kuanzia miaka ya 1720 vyombo vyake vilichorwa panga mbili za buluu zilizopishana. Baadaye viwanda vya Uingereza kama Worcester na Derby vikaanza kuchora panga zao chini ya vyombo vyao, na karne iliyofuata kampuni ya Samson ya Paris ikawa inaishi kwa kunakili kauri za watu. Kwa hiyo ukiona panga mbili chini ya simba wako, umejua jambo moja tu: kuna mtu aliyetaka ufikirie Meissen.

August huyo huyo alitaka kujaza jumba lake zima wanyama wa kauri, wakubwa karibu kama walio hai. Mchongaji Johann Gottlieb Kirchner akapewa kazi ya kumtengeneza kifaru, mwanzoni mwa miaka ya 1730. Kirchner alifuata picha ya Albrecht Dürer ya mwaka 1515, na Dürer mwenyewe hakuwahi kumwona kifaru. Alichora kwa kusimuliwa. Matokeo yake ni mnyama aliyevaa mabamba ya vita mwilini, mwenye kipembe cha ziada begani. Mtoto yeyote aliyepelekwa na shule yake kuwaona vifaru wa Ngulia, Tsavo Magharibi, angecheka. Lakini kosa hilo sasa ni msaada mkubwa: kifaru wa kauri mwenye kipembe begani ni wa ukoo wa Dürer, awe amechapwa nini chini.

Hapa mtu wa Voi ana faida ambayo mkusanyaji wa Ulaya hana. Anamjua mnyama. Tembo wa Afrika ana masikio makubwa yanayofunika mabega, mgongo uliobonyea katikati, na ncha ya mkonga yenye vidole viwili vya kushikia. Wa Asia ana masikio madogo, mgongo uliotuna, paji lenye nundu mbili, na kidole kimoja tu mkongani. Tembo wengi wa kauri wanaouzwa kama kumbukumbu ya safari ya Afrika ni wa Asia watupu, kwa sababu aliyechonga umbo la kwanza alimfuata tembo wa sarakasi au wa bustani ya wanyama ya mjini kwake. Muuzaji akikuapia kwamba tembo wake amefinyangwa na fundi anayeishi jirani na mbuga, mwangalie mgongo kwanza.

Kisha mgeuze. Jina la nchi huwa linasema mengi kuliko jina la kiwanda. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, hivyo neno “England” peke yake kwa kawaida huonyesha kitu cha baada ya 1891, na “Made in England” mara nyingi ni cha karne ya 20. Wajapani waliandika “Nippon” hadi 1921, Marekani ilipokataa neno hilo, wakahamia “Japan”. Baada ya vita vya pili kukaja vyombo vyenye maneno “Occupied Japan”, na ukaliaji wenyewe ulikwisha 1952. “West Germany” haiwezi kuwa kabla ya 1949 wala haina maana baada ya 1990. Siasa za dunia ziko chini ya mbwa wa kauri, na anayeghushi asiyesoma historia hujikamatisha mwenyewe: huandika mwaka wa zamani juu ya nchi ambayo ilikuwa haijazaliwa.

Viwanda navyo huzaliwa na kufa. Beswick ya Stoke-on-Trent ilianza 1894, ikanunuliwa na Royal Doulton 1969, na kiwanda kikafungwa 2002. Farasi na ng'ombe wake wengi wana namba ya umbo karibu na jina. Royal Copenhagen, ya tangu 1775, huchora mawimbi matatu ya buluu, moja kwa kila mlango wa bahari wa Denmark. Wade, nao wa Stoke-on-Trent, walitoa kuanzia miaka ya 1950 wanyama wadogo wa kutosha kiganjani waitwao Whimsies, na seti yao ya miaka ya 1971 hadi 1984 ina wanyama 60, wakiwemo tembo, kiboko, kifaru, simba na twiga. Kwa hawa wadogo jina halikupigwa muhuri. Lilikuwa ndani ya kalibu, hivyo linasomeka kama mabonde na vilima pembeni mwa kitako. Linafifia kadiri kalibu inavyochakaa.

Kalibu ndiyo iliyobeba kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hakihitaji utaalamu bali rula tu. Kisanamu cha kiwandani hakifinyangwi kwa mkono. Mara nyingi udongo huchanganywa na maji hadi uwe uji, ukamiminwa ndani ya kalibu ya plasta. Plasta hunyonya maji, udongo ukaganda ubavuni, uji uliobaki katikati ukamwagwa, na kinachotoka ni mnyama mwenye tumbo tupu. Ndiyo maana ana kitundu chini: hewa ya moto isipopata pa kutokea, tembo hupasuka tanurini. Sasa, udongo ukikauka na kuchomwa hunywea. Kauri hupoteza takriban sehemu moja kati ya 10 ya urefu wake, wakati mwingine zaidi. Mwenye kiwanda anajua hilo na huchonga umbo la kwanza likiwa kubwa. Mwizi hana umbo hilo la kwanza. Ana kisanamu kilichokwisha kuchomwa, anakitengenezea kalibu, anamimina uji wake, anachoma, na udongo unanywea mara ya pili. Tembo aliyeandikwa kwenye vitabu vya wakusanyaji kuwa na sentimita 20 akipimwa kwako akawa na 17 na nusu, hakuna chapa duniani inayoweza kumtetea. Kucha zake pia zitakuwa zimeviringika na mikunjo ya ngozi imejaa, kwa kuwa kila nakala ya nakala hupoteza makali.

Ukishapima, tumia ukucha. Kauri hufunikwa kwa tabaka la kioo linaloyeyukia juu yake tanurini. Chapa iliyopakwa kabla ya tabaka hilo iko chini ya kioo. Ukipitisha ukucha huisikii. Iliyopakwa juu yake inasikika kidogo, na hiyo inaweza kuongezwa miaka 50 baadaye na mtu ambaye hajawahi kukaribia kiwanda. Jina lililochongwa nalo lina siri yake. Likichongwa udongo ukiwa mbichi, kingo za herufi huwa laini, na kioo huingia ndani ya mifereji. Likichongwa baada ya kuchomwa, kingo humeguka na kuacha vumbi jeupe lenye makali. Tafuta pia doa lisilong'aa, kama pamesuguliwa kwa jiwe. Mara nyingi hapo palikuwa na jina la nchi ambalo muuzaji hakulitaka.

Sehemu isiyo na kioo, kwa kawaida ukingo wa nyayo anaosimamia mnyama, inakuonyesha udongo wenyewe. Tone la maji likinyonywa papo hapo, huo ni udongo wenye vinyweleo uliochomwa kwa moto wa wastani, kama nyuzi 1,000 au 1,100. Likibaki limekaa juu kama kwenye jani la muhogo, ni kauri iliyopita nyuzi 1,200. Tazama rangi pia. Udongo wa Voi ni mwekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma, ile ile inayowapaka tembo, na chuma hakikimbii moto; udongo wa namna hiyo ukichomwa kwenye tanuri lenye hewa ya kutosha hutoka mwekundu au kahawia. Kauri nyeupe hutokana na kaolini, udongo wenye chuma kidogo sana. Basi ukiambiwa “huyu ni udongo wetu wa hapa” na nyayo ni nyeupe kama chaki, una haki ya kuuliza wa hapa wapi.

Kifaa kingine kipo tayari kwenye maduka mengi: ile taa ya buluu ya kukagulia noti. Mmulike tembo gizani. Gundi na rangi ya kuzibia mara nyingi hung'aa tofauti na kauri iliyozizunguka, na mkonga uliovunjika ukaungwa hujitokeza mara moja. Ukimgonga taratibu kwa kucha, mzima hulia, mwenye ufa hutoa sauti ya debe bovu. Na akiwa vuguvugu mkononi, mwepesi, na ana mstari wa kuungia ubavuni, huyo ni plastiki iliyopakwa rangi. Mrudishe rafuni kwa heshima.

Kuna kitu kimoja ambacho si cha kurudisha rafuni. Ukikuta kisanamu cheupe-manjano chenye mistari myembamba inayopishana kama wavu pale kilipokatwa, hicho si kauri hata kidogo. Ni pembe ya ndovu, na kuwa nacho Kenya bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, hata kama kilikuwa cha babu. Mahali pake ni ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).

Je, kisicho na chapa ni takataka? La. Ng'ambo ya mpaka wa Taveta, Wapare na Wasambaa walikuwa na visanamu vya udongo vya watu, wanyama na vyombo vilivyotumika kuwafundishia vijana jandoni na unyagoni, kila kimoja na wimbo wake. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alivikusanya na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1956. Hakuna jina la fundi hata kwenye kimoja, kwa kuwa havikufinyangwa ili viuzwe. Thamani yake iko kwenye maelezo: kimetoka kijiji gani, kilitumika lini, kiliimbiwa nini. Kikipoteza maelezo hayo kinabaki donge la udongo, na wauzaji wa nje hujaribu kuyabuni upya.

Siku hizi mambo ni mengine, kwani tunafinyanga ili tuuze. Kazuri, karakana iliyoanzishwa na Susan Wood huko Karen, Nairobi, mwaka 1975, imejulikana nje kwa jina lake: kwanza shanga, kisha vyombo. Ardmore ya Afrika Kusini, iliyoanza 1985, imekwenda mbali zaidi: wanyama wake hutiwa saini na aliyefinyanga na aliyepaka rangi, na mkusanyaji hununua akiwataja mafundi kwa majina. Kwetu bado ninakuta vibandani vinyama vizuri vya udongo ambavyo chini yake ni patupu, au pana stika ya duka inayobanduka kwenye maji ya kwanza.

Kwa hiyo fundi wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta unayesoma hapa, kabla udongo haujakauka chukua msumari uandike chini jina lako, mji na mwaka. Ni kazi ya nusu dakika, haikuongezei gharama, na baada ya moto hakuna atakayeweza kuyafuta maandishi hayo bila kuacha kovu.