Kuchagua Programu ya Kuongoza Njia kwa Setilaiti

Kata ya Ilomba imo katika Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Tuseme usiku wa manane mama mjamzito ameshikwa na uchungu katika nyumba iliyo ndani ya vichochoro vya mtaani, na dereva wa bajaji aliyeitwa si mwenyeji wa hapo. Simu anayo mkononi. Anaifungua ramani, lakini kifurushi chake cha intaneti kimekwisha, na kioo kinamwonyesha kitone cha buluu katikati ya uwanja mtupu. Simu imemwambia alipo. Haikumwambia apite wapi.

Mfano huu unatufunza jambo ambalo watumiaji wengi hawalitambui. Kujua mahali ni kazi moja, na kuwa na ramani ni kazi nyingine. Anayetaka kuchagua programu ya kumwongoza njia hana budi kuzitenganisha kazi hizo mbili.

Simu hujuaje mahali ilipo?

Setilaiti za mfumo wa Marekani uitwao GPS huizunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilometa 20,200. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ulikamilika mwaka 1995. Leo Urusi, Umoja wa Ulaya na China nazo zina mifumo yao, na simu nyingi mpya hupokea ishara za mifumo zaidi ya mmoja.

Kila setilaiti hutangaza mahali ilipo na saa kamili. Ishara husafiri kwa kasi ya nuru, yaani takriban kilometa 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo ishara ya setilaiti iliyo utosini hufika kwa muda wa sekunde 0.067 hivi. Simu huupima muda huo na kuugeuza kuwa umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kuonyesha mahali, lakini saa ya simu si sahihi vya kutosha: ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa meta 300. Ndiyo sababu huhitajika setilaiti ya nne, ili kosa la saa nalo likokotolewe. Palipo wazi, simu ya kawaida hukosea kwa meta 5 hivi; kando ya kuta ndefu au chini ya miti minene kosa huongezeka.

Msomaji atambue kwamba katika kazi yote hiyo simu inapokea tu. Hailipii chochote, wala haihitaji intaneti. Intaneti huiharakisha simu kuzipata setilaiti inapowashwa. Bila msaada huo yaweza kuchukua dakika kadhaa, lakini hatimaye huzipata.

Ramani inatoka wapi?

Hapa ndipo programu zinapotofautiana. Google Maps huleta ramani yake kwa intaneti kadiri mtu anavyosafiri. Mtumiaji aweza kuhifadhi eneo fulani mapema, lakini bila intaneti programu hiyo huongoza magari, si waendao kwa miguu. Programu kama OsmAnd na Organic Maps huhifadhi ramani nzima ndani ya simu, na huongoza hata mahali pasipo na mtandao.

Programu hizi mbili hutumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Ramani hiyo huchorwa na watu wa kujitolea, na yeyote aweza kuisahihisha. Ubora wake basi hutegemea wenyeji: penye wachoraji ina hata vijia, pasipo nao ni tupu. Nchini mwetu mfano mzuri ni mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wananchi walipita mitaani wakichora njia, majengo na mifereji, ili kusaidia kukabili mafuriko. Kadhalika mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi, nchi nzima iliendesha kazi ya kuweka anwani za makazi, na mitaa na nyumba zikapewa majina na namba. Lakini namba iliyo ukutani haimfai dereva ikiwa kichochoro chenyewe hakimo katika ramani yake.

Mtego wa ramani za shule

Walimu wa Jiografia wanapaswa kujihadhari na mtego mmoja. Ramani za Serikali za kipimo cha 1:50,000, zilizotumika mashuleni kwa miaka mingi, zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Setilaiti za GPS hutumia msingi mwingine, uitwao WGS 84. Kwa sababu hiyo namba za gridi za mahali pamoja hutofautiana kwa takriban meta 300, hasa katika kipimo cha kusini na kaskazini. Kundi la wanafunzi wanaopanda Mlima Mbeya wakati wa ukungu, wakilinganisha namba za simu na ramani ya karatasi, laweza kujidhania liko upande mwingine wa bonde. Vifaa maalumu vya mkononi, kama vile vya Garmin, humruhusu mtumiaji kuchagua msingi. Programu nyingi za simu hazina nafasi hiyo. Kwa safari za milimani chagua pia programu yenye kuonyesha mistari ya kontua na kuhifadhi njia mliyopita, ili iwezekane kurudi kwa njia ile ile. Wala usisahau betri: ikiisha, ramani yote imetoweka. Ramani ya karatasi na dira bado ni wenzi wa lazima.

Jaribio kwa wanafunzi

Sifa za programu zisiaminiwe kabla ya kupimwa. Wekeni programu mbili katika simu moja, hifadhini ramani ya Mbeya, kisha zimeni intaneti. Simameni katikati ya uwanja wa shule, andikeni latitudo na longitudo, mtembee meta 100 zilizopimwa kwa utepe kuelekea kaskazini, mkaandike tena. Katika latitudo, digrii 0.001 ni karibu meta 111. Kokotoeni umbali na kuulinganisha na utepe. Halafu ombeni kila programu iwaongoze hadi zahanati iliyo karibu kwa njia ya miguu. Mtaona kwamba vipimo vya mahali karibu vinafanana, kwa kuwa chombo kinachopokea ishara ni kile kile. Tofauti itakuwa katika njia: programu moja itakijua kichochoro, nyingine itawazungusha barabarani.

Na pale ambapo zote mbili hazikijui, hapo ndipo kazi yenu inapoanza. Kijana wa Ilomba anayekiingiza kichochoro cha kwao katika ramani huria hafanyi zoezi la darasani tu. Dereva mgeni atakayeitwa usiku, akiwa hana kifurushi, atakikuta kichochoro hicho kimo tayari katika simu yake.