Mto Li: Milima iliyo kwenye noti

Ukifika Uchina, geuza noti ya yuan 20. Milima hiyo iko Xingping, kando ya Mto Li, huko Guangxi. Ni mawe ya chokaa; mvua imeyala kwa mamilioni ya miaka, yakabaki yamesimama wima kama vichuguu, ukungu ukiyazunguka asubuhi.

Usishangae chelezo kinachoitwa cha mianzi kikiwa mabomba ya plastiki yenye injini. Kelele tupu! Afadhali ukodi baiskeli mjini Yangshuo, ufuate Mto Yulong polepole katikati ya mashamba ya mpunga.

Na yule mzee mwenye minandi, ndege waliofunzwa kuvua samaki? Siku hizi wengi wao huishi kwa kupigwa picha. Kabla hujatoa simu, uliza bei, ulipe.