Huku Uru, kupoteza pointi ndiyo ushindi

Moshi. Kwa shabiki wa soka, pointi ni roho. Timu ikidondosha mbili nyumbani, wiki nzima kijiweni hapakaliki. Lakini panda kutoka Moshi mjini kwenda Uru, ingia kwenye kihamba chenye Peugeot 404 au Land Rover ya zamani iliyoegeshwa chini ya migomba. Hapo utakuta pointi za aina nyingine kabisa, na hizo ukizipoteza umeshinda.

Ni vipande viwili vidogo vya chuma vilivyojificha ndani ya distribyuta. Vinagusana, vinaachana. Kila vinapoachana, plagi moja inapiga cheche. Vikichoka, gari linamisi, linakunywa mafuta kama halina akili, na asubuhi yenye ukungu haliwaki kabisa. Ndipo mwenye gari anapoanza kuwasikiliza wanunuzi wa chuma chakavu, watu wanaopima kumbukumbu ya familia kwa kilo.

Na kumbukumbu zipo. Yapo magari yaliyonunuliwa kwa fedha za kahawa, enzi KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, kikiwa na nguvu zake. Kila Desemba watoto na wajukuu wakirudi nyumbani kula Krismasi, swali ni lilelile: gari la babu tuliuze au tulifufue?

Mara nyingi jibu halihitaji injini mpya. Linahitaji usajili mmoja mdogo.

MAGARI YALIYOITESA SAFARI

Vijana wanaoiona 404 kama chuma cha kufugia kuku wakumbushwe historia. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi zilipigwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Peugeot 404 ilizishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, mengine yote yaliachwa kwenye tope.

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, fundi gereji kwa taaluma, alichukua ubingwa na Volvo PV544 iliyokwishatumika, mdogo wake Jaswant akiwa kiti cha pembeni. Alishiriki Safari mara 22, akamaliza 19. Rekodi ya namna hiyo haiji kwa kukanyaga mafuta tu. Inakuja kwa kulijua gari lako hadi kwenye waya wa mwisho.

Magari ya enzi hizo yalitegemea pointi. Yalishinda nazo, kwa hiyo asije mtu akasema hazifai. Tofauti ni kwamba timu za mbio zilikuwa na mafundi wakingoja njiani na spea mkononi. Mzee wa Uru Shimbwe anayeshuka na ndizi kwenda sokoni hana timu hiyo.

MSHIKA KIBENDERA ALIYECHOKA

Kazi ya pointi ni kama ya mshika kibendera. Lazima ainue kwa wakati, asiwahi wala asichelewe.

Zikigusana, umeme wa betri unaingia kwenye koili. Zikiachana, umeme huo unakatika ghafla, na koili inatoa volti elfu nyingi zinazoruka kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde. Hakuna mshika kibendera duniani mwenye mechi ngumu hivyo.

Kila cheche inaziunguza kidogo. Pia kile kipande kinachosugua kamu ya distribyuta kinalika, nafasi kati ya pointi inapungua na cheche inaanza kuchelewa. Kwenye magari mengi nafasi hiyo ni karibu milimita 0.4. Ikipungua kidogo tu, mlima wa Uru unakuumbua: injini inachemka, nguvu hakuna, abiria wanashuka kusukuma.

Dawa ya asili ni msasa na kipimo. Unasugua, unarekebisha, unaondoka. Baada ya kilomita elfu chache unarudi palepale.

Mfumo wa kielektroniki unamuondoa mshika kibendera na kuweka sensa. Sumaku inazunguka na shafti, sensa inaisoma bila kuigusa, transista inakata umeme. Kwenye sensa hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Chrysler ya Marekani iliuweka mfumo wa kielektroniki kwenye magari yake yote ya mwaka 1973, na viwanda vingine vikafuata.

NJIA TATU ZA USAJILI

Kwa mwenye mfuko mwembamba, njia ziko tatu.

Ya kwanza na rahisi zaidi ni kuziacha pointi mahali pake lakini kuzipunguzia kazi. Kisanduku chenye transista kinabeba umeme mzito wa koili, pointi zinabaki kutoa ishara tu. Haziungui tena. Fundi wa redio anayejua kazi yake anaweza kukiunda. Hata hivyo kile kipande cha kusugua bado kitalika, kwa hiyo kipimo usikitupe.

Ya pili ni seti ya sensa na sumaku inayokaa ndani ya distribyuta ileile. Ukifunika kifuniko, gari linabaki na sura yake ya zamani. Nje zinaonekana nyaya mbili tu. Muhimu ni kuagiza seti ya aina ya distribyuta yako, siyo ya jina la gari. Soma namba iliyogongwa ubavuni kabla hujatoa hela.

Ya tatu ni kutafuta distribyuta nzima ya mtumba kutoka kwa ndugu mdogo wa injini yako. Datsun 1600 SSS iliyompa Edgar Herrmann ubingwa wa Safari 1970 ina injini ya familia ya L. Mwishoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya injini za familia hiyo zilitoka kiwandani na distribyuta za kielektroniki. Mwenye Datsun ana bahati ya kuwa na ndugu.

KABLA YA FILIMBI

Kuna makosa yanayoua seti mpya siku ya kwanza.

Angalia betri. Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Ukiunganisha seti ya kawaida hapo, imeungua kabla hujapiga staata.

Pima koili. Koili yenye ukinzani mdogo kuliko seti inavyotaka itaiunguza. Waya za plagi ziwe zile za kuzuia kelele za redio, maana za shaba tupu zinaweza kuivuruga sensa. Kama shafti ya distribyuta inacheza, itengenezwe kwanza. Sensa nzuri kwenye shafti mbovu ni straika mpya kwenye uwanja wa matope. Na usiache swichi imewashwa huku injini imezimwa ili usikilize mpira redioni. Dakika 90 zinatosha kuua koili na seti yake.

BENCHI LIWE NA MTU

Wazee wanaozing'ang'ania pointi wana hoja, na hoja yao isibezwe. Pointi hufa polepole, zinakupa taarifa. Gari litamisi wiki nzima kabla ya kugoma, na hata likigoma, msasa unakufikisha nyumbani. Sensa ikifa, imekufa hapohapo, hata kama ni usiku wa mvua juu ya Materuni. Tena betri ikiwa hoi, gari la pointi linaweza kuwaka kwa kusukumwa, wakati baadhi ya seti za bei nafuu hazifanyi kazi volti zikishuka mno.

Ndiyo maana mwenye akili hazitupi. Pointi za zamani zilizosafishwa, kondensa yake, bisibisi na kipimo vinafungwa kwenye kitambaa na kuwekwa chini ya kiti. Siku sensa ikiumia, zinaingia kama mchezaji wa akiba na gari linafika.

Wajukuu watakaporudi Desemba, wafungue kwanza kifuniko cha distribyuta. Mnunuzi wa chuma chakavu anaweza kusubiri.