Maji ya Jakuzi Yamwagwe Wapi?

Ukishuka Kabuta asubuhi, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, utawakuta chisense wameanikwa mchangani. Ni dagaa wembamba wa rangi ya fedha, waliovuliwa usiku kwa taa. Hatua chache kutoka hapo mama mmoja anasuuza sufuria, watoto wanaoga, na binti anajaza ndoo ya lita 20 ya maji ya nyumbani. Ziwa lilelile ni jiko, ni bafu, ni kisima. Ndiyo maana swali la mahali pa kumwaga maji ya jakuzi, ambalo mjini lingeonekana dogo, huku linagusa chakula na afya ya watu.

Jakuzi za nyumbani si nyingi pembezoni mwa ziwa hili. Hata hivyo, anayejua kumwaga maji ya jakuzi atajua pia kumwaga maji ya bwawa dogo la kuogelea, ya tangi lililooshwa kwa klorini, na ya kisima kilichotiwa dawa. Na klorini tunaihitaji sana. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Zambia Oktoba 2023 ulileta wagonjwa zaidi ya 20,000 na kuua watu zaidi ya 700. Katika vita ile klorini ilikuwa miongoni mwa silaha za mbele. Hoja yangu ni kwamba dawa hiyo ikishamaliza kazi yake, isiachiwe iende kufanya kazi nyingine mahali tusipoitaka.

Klorini haichagui. Inaua kijidudu cha kipindupindu kwa kuunguza ukuta wake laini, na inaunguza vivyo hivyo mashavu ya samaki, ambayo ngozi yake ni nyembamba mno ili hewa ipenye hadi kwenye damu. Maji ya bomba yenye miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita tunayanywa bila madhara. Jakuzi hutakiwa kuwa na miligramu 3 au zaidi. Lakini kiwango ambacho Marekani iliweka kuwalinda viumbe wa maji baridi, hata kwa muda mfupi tu, ni miligramu 0.019.

Piga hesabu. Jakuzi ya lita 1,000 ina gramu 3 tu za klorini. Ili maji hayo yasimdhuru samaki kwa kuzimuliwa peke yake, yanahitaji kuchanganyika na lita zaidi ya 150,000 za maji safi. Tangi la ujazo huohuo lililotiwa dawa kali ya kusafishia, miligramu 50 kwa lita, linahitaji lita zaidi ya milioni mbili na nusu. Utasema ziwa ni kubwa, lina zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Ni kweli, ila maji unayoyamwaga ufukweni hayafiki katikati ya ziwa siku hiyo. Yanabaki kwenye kina kifupi, na hapo ndipo vifaranga wa samaki walipo.

Basi fanya hivi.

Kwanza, acha kutia dawa, funua jakuzi, na uyaache maji juani. Mwanga wa jua huivunja klorini. Kwa kawaida siku mbili tatu za jua kali hutosha. Masika, mawingu yakitanda, huchukua muda mrefu zaidi, na vidonge vilivyochanganywa na kiimarishaji cha klorini huongeza siku. Usikisie kwa kunusa. Chovya karatasi ya kupimia: ikibadilika rangi kuonyesha klorini, bado. Ukiwa na haraka ya kweli, vitamini C hufuta klorini papo hapo, gramu mbili na nusu kwa kila gramu moja ya klorini. Kwa jakuzi ya lita 1,000 yenye miligramu 3, tembe 15 za miligramu 500 zilizosagwa zinatosha. Koroga, kisha pima tena. Dawa ya kuua mwani yenye shaba ni jambo jingine: jua haliiondoi, kwa hiyo maji hayo yasiende ziwani kabisa, hata yakikaa mwezi.

Pili, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa kizibo. Hita ikibaki inawaka bila maji huungua, na waya wenye hitilafu karibu na maji huua mtu. Subiri maji yapoe. Watoto wasikaribie mpaka jakuzi iwe kavu. Mtoto mdogo huzama hata kwenye maji ya kina cha kiganja.

Tatu, chagua mahali kabla ya kufungua, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki. Tafuta ardhi yenye nyasi au miti iliyokomaa, inayoteremka kuelekea mbali na ziwa, na isiyopungua mita 30 kutoka kisima chochote. Kwa umbali kutoka ziwani, kipimo kizuri ni cha jirani: sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Zambia nayo, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2011, inakataza kumwaga vichafuzi kiholela.

Usiyaelekeze chooni. Lita 1,000 ni ndoo 50 kwa mkupuo. Kwenye tangi la maji taka zitatibua tope lililotulia na kulisukuma hadi shimo la kunyonyea. Kwenye choo cha shimo kilichochimbwa kwenye mchanga wa mwambao, ambako maji ya ardhini yako karibu, zitausukuma uchafu kuelekea visimani. Kipindupindu hakihitaji mwaliko mwingine.

Nne, mwaga polepole. Tumia mpira mwembamba na uuhamishe kila baada ya muda. Kwanza chimba shimo la kina cha goti, lijaze maji, utazame: yakinywewa upesi, endelea, yakituama, tafuta pengine. Kesho yake rudi ukague. Nchelenge ni moja ya sehemu za Zambia zenye malaria nyingi, na dimbwi linalodumu wiki moja au mbili linatosha kumlea mbu kuanzia yai hadi arukapo. Lifukie.

Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa kwenye ziwa hili. Ni majira ya samaki kuzaliana. Dume la samaki aitwaye pale, ambaye ni aina ya perege, huchimba kiota chake kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi, na jike huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Kwa ajili ya mayai hayo wavuvi hukaa miezi mitatu nyavu zikiwa zimetundikwa, na nyumba nyingi hubana matumizi. Sisi tunaombwa siku mbili tatu za jua na mpira unaotazama upande wa pili.