ULIMI NI MLINZI WA MLANGO

Ndugu msomaji, weka punje chache za sukari juu ya ulimi wako. Mara moja unajua kuwa ni tamu. Je, habari hiyo umeipataje?

Mwili wa binadamu una milango mitano ya fahamu. Milango hiyo ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Kazi yake ni kupokea habari na kuzipeleka kwenye ubongo. Leo tutajifunza habari za ulimi.

Ulimi unavyofanya kazi

Tazama ulimi wako katika kioo. Utaona vipele vidogo vingi. Katika baadhi ya vipele hivyo mna vinundu vya kuonjea. Vinundu hivi ni vidogo mno, huwezi kuviona kwa macho. Mtu mzima ana vinundu elfu kadhaa.

Unapotafuna, mate huyeyusha chakula. Maji hayo ya chakula huingia katika vinundu na kuzigusa chembe hai zilizomo. Chembe hai hizo huishtua mishipa ya fahamu. Mishipa hii ni kama waya za simu. Hupeleka habari kwenye ubongo upesi sana. Ubongo ndio unaotambua kuwa hii ni sukari na ile ni chumvi.

Jaribu mwenyewe. Pangusa ulimi kwa kitambaa safi mpaka ukauke, kisha weka sukari. Hutasikia utamu mpaka mate yatoke tena.

Ladha ni tano: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzuri ya mchuzi wa nyama. Pilipili haimo. Ukali wa pilipili si ladha, bali ni maumivu kama ya kuungua. Pua nayo husaidia. Ndiyo maana ukiwa na mafua, chakula hakina ladha.

Uchungu ni onyo

Waswahili husema, dalili ya mvua ni mawingu. Mara nyingi uchungu ni dalili ya sumu. Mtoto mchanga akionjeshwa kitu kichungu, hukunja uso na kukitema. Hakufundishwa na mtu.

Fikiri juu ya muhogo mchungu. Ndani yake mna sumu iitwayo sianidi. Ulimi unakuonya. Lakini mwenye njaa huweza kulipuuza onyo hilo. Mwaka 1985 kulikuwa na ukame wilayani Tarime, mkoa wa Mara. Watu walitegemea muhogo mchungu, nao hawakuuandaa kwa muda wa kutosha. Baadhi yao walipatwa na ugonjwa wa konzo. Ugonjwa huu hupoozesha miguu yote miwili kwa ghafla. Hauna dawa ya kuuponya. Huwapata zaidi watoto na akina mama.

Kwa hiyo, usifanye haraka. Menya muhogo mchungu. Uloweke majini siku tatu au zaidi, mpaka ulainike. Mwaga maji hayo. Anika muhogo juani mpaka ukauke kabisa, ndipo utwange unga. Ugali wake ule pamoja na maharage, dagaa au samaki. Vyakula hivyo huusaidia mwili kuishinda sumu inayobaki.

Mlinzi haoni kila kitu

Ulimi ni mlinzi mwema, lakini hauoni kila adui. Maji yenye vijidudu vya kipindupindu huweza kuwa matamu kabisa. Yachemshe kabla ya kunywa.

Mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Ulimi hauitambui sumu hii, wala kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya kwa kula mahindi ya namna hiyo. Kausha mahindi vizuri. Yaweke mahali pakavu, juu ya chanja. Yenye ukungu usile.

Basi ndugu, usikilize ulimi wako, lakini usiutegemee peke yake. Pale ulimi unaponyamaza, elimu ndiyo inayokulinda.

Maswali ya kujadili darasani

1. Itaje milango mitano ya fahamu.
2. Mate yana kazi gani katika kuonja?
3. Kijijini kwenu muhogo mchungu huandaliwaje? Je, muda wake unatosha?
4. Taja hatari mbili ambazo ulimi hauwezi kuzitambua.